Mwaka Nilioitwa Kaka

Jina la chama silitaji, wenyewe wanajijua. Ni chama cha wachumi Wakorea wanaofundisha vyuo vya Amerika, wanachama mia nne na ushee, na kwa miaka ishirini mimi, Tak Chun-sik, nilikuwa mwajiriwa wake pekee. Saa kumi na mbili kwa wiki. Nilitunza orodha ya wanachama, nilitengeneza jarida, nilikodi kumbi, niliagiza chakula, na kwenye mkutano mkuu nilizunguka na kipaza sauti nikimpelekea kila profesa aliyenyoosha mkono. Mimi si profesa. Sekondari sikumaliza. Uchumi nilijifunza Seoul nikiwa na miaka kumi na saba, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha mawigi, tukiwa tisa tumezunguka kitabu kimoja kilichonakiliwa kwa mkono, kwa kuwa kilichopigwa chapa kilikuwa marufuku. Cha mkono nacho kilitupeleka ndani. Nilikaa miezi kumi na minne. Wasimamizi watatu waliotutaja kwa polisi nawakumbuka kwa majina mpaka leo, nakumbuka na viatu walivyovaa.

Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya nitakayoyasimulia. Si mtu mwoga wa kuzaliwa. Ningekuwa mwoga wa kuzaliwa ningekuwa na kisingizio.

Mwaka wa chama unaanza Januari, wachumi wote wa Amerika wanapokusanyika mji mmoja kwa siku tatu, kusomeana tafiti na kutafutana kazi. Sisi Wakorea tunachukua jioni moja kati ya hizo kwa chakula chetu na mkutano wetu mkuu. Januari ya 2018 ilikuwa zamu ya Philadelphia, baridi ya kupasua midomo, na watu walikula kama wametoka vitani.

"Wachumi mia mbili," alinguruma Profesa Eom Byeong-tae, rais wa chama, akiinua sahani tupu, "na hakuna hata mmoja aliyetabiri kwamba wali utaisha!"

"Tulitabiri, Rais, ila kwa sharti kwamba mengine yote yabaki kama yalivyo!" akadakia mtu wa meza ya pili.

"Bwana Tak ndiye benki kuu ya wali! Bwana Tak, chapisha mwingine!"

Nikaenda jikoni kugombana na wapishi wa hoteli. Niliporudi, meza ya mwisho kabisa, ile inayogongwa na mlango wa jikoni kila ukifunguliwa, mwanamke mmoja alinishika mkono wa koti. Alikuwa Daktari Seol Ha-rim, mwalimu wa chuo kimoja kidogo kule Ohio, miaka thelathini na mitatu, amesoma chuo cha mkoani Jeonju kabla ya kuja Amerika.

"Mjomba, umekula?"

"Nitakula nyumbani."

"Nyumbani kwako si New Jersey? Utafika maiti. Kaa. Nimekuwekea mandu manne." Akafunua bakuli la maandazi yale yenye nyama ndani. "Matatu. Moja lilinitazama vibaya."

Nikakaa. Katika miaka ishirini ile, walioniuliza kama nimekula nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vinabaki. Nilikuwa nimejaza mdomo aliponiuliza tena.

"Hizi namba kwenye beji zetu, na hivi vidoa vya rangi, alibuni nani?"

"Mimi," nikasema, na kifua nilikitoa.

Kila beji niliyotengeneza ilikuwa na jina, chini yake tarakimu mbili za mwisho za mwaka ambao mtu aliingia chuo kikuu kule Korea, na pembeni kidoa. Cha bluu kwa kile chuo ambacho wenyewe wanakiita Chuo tu, kana kwamba vingine ni vibanda. Cha kijani na chekundu kwa viwili vinavyokifuata. Cha njano kwa vilivyobaki vyote. Nilibuni mwaka wa tisini na tisa, baada ya profesa mmoja kummiminia pombe ya soju kwa mkono mmoja mtu aliyemtangulia chuoni miaka miwili, wakashikana mashati mbele ya mgeni rasmi. Kwetu mtu akishajua mwaka wako wa chuo anajua akuinamie kiasi gani, akuite nani, na chupa aishike vipi. Basi nikawaandikia vifuani. Mwanaharakati mzima, niliyefungwa kwa kudai watu wote ni sawa, nikawapiga watu chapa kama ng'ombe wa mnada, nikapongezwa, nikafurahi. Beji yangu mwenyewe haikuwa na namba wala kidoa. Iliandikwa OFISI.

Ha-rim aligusa kidoa chake cha njano. "Kwa hiyo unajua nani alitoka chuo gani, nani alikaa kamati ya tuzo, nani alishinda."

"Najua na aliyenyimwa."

"Imeandikwa?"

"Binti, mimi nimefungwa kwa ajili ya karatasi. Situpi karatasi."

Akaniambia anachotaka. Kila mwaka chama chetu hutoa Tuzo ya Mtafiti Chipukizi, na tuzo hiyo kwa mwalimu kijana ni ngazi: akiipata, milango ya vyuo vikubwa inafunguka. Alitaka kupima kwa hesabu inakwenda kwa nani. Na alitaka haraka, kwa sababu chuo chake cha Ohio kingeamua Februari ya mwaka unaofuata kama kitampa ajira ya kudumu au kitamwambia afungashe. Alihitaji utafiti mmoja mzito. Huu ungekuwa ndio.

Machi alikuja gerejini kwangu Palisades Park na kompyuta yake mgongoni. Maboksi kumi na moja. Alipiga magoti pale kwenye saruji akafungua la kwanza, akafunga, akanitazama.

"Nahitaji ruhusa ya chama, Mjomba. Chuo chetu hakichezi na kumbukumbu za watu. Mistari miwili tu kutoka kwa rais."

"Nimeshaongea na Rais. Amekubali."

"Lini?"

"Philadelphia, wakati wa kuagana."

"Ameandika?"

"Kwetu neno la rais ndiyo barua. Au mimi nakudanganya?"

Alitaka kuuliza tena, niliona mdomo ukifunguka. Haukutoa kitu. Mkubwa akishasema, mdogo harudii swali. Tangu kiwandani desturi hiyo nilikuwa naipigia kelele kwamba ndiyo minyororo yetu, na siku ile nilijificha humo humo.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Kwa Eom sikuwa nimekwenda kabisa. Nilijua angekataa, ndiyo, lakini hilo silo. Sikutaka kumwomba ruhusa mtu niliyemzidi miaka minne, ya kufungua maboksi niliyoyabeba kwa mgongo wangu kutoka hoteli hadi hoteli. Na nilitaka bomu lilipuke. Nilikuwa nimengoja bomu langu tangu ujana, na huyu binti alikuwa ameniletea utambi.

Juni akanitumia utafiti wake. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Watafiti wawili wakiwa na makala sawa kwa idadi, katika majarida ya hadhi sawa, yule mwenye kidoa cha rangi moja na mwenyekiti wa kamati alikuwa na nafasi karibu mara nne ya mwenzake. Kidoa cha njano hakikuwahi kushinda. Miaka kumi na tisa, hata mara moja. Mwenyekiti akiwa wa kijani, ghafla wa kijani wanakuwa na akili. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu, Ok-bun, akaja kuona nimepatwa na nini.

Chini ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari mdogo: kumbukumbu zimetumika kwa ruhusa ya chama. Niliuona. Nikakunja karatasi, nikaenda dukani kununua figili.

Agosti tulikuwa Seoul, kwenye kongamano tunalofanya pamoja na wachumi wa nyumbani. Joto la mwaka ule hakuna aliyewahi kuliona, lami ilikuwa inashika soli. Siku ya pili Eom aliniita tukale tambi baridi, mimi na yeye tu, kwenye chumba cha faragha cha mkahawa. Miaka ishirini hakuwahi kuniita kula. Alinisogezea mto wa kukalia. Kisha akachukua chupa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akataka kunimiminia.

"Profesa, hapana, mimi ndiye ninayepaswa..."

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Wa sitini."

"Mimi sitini na nne. Na miaka yote hii nakuita Bwana Tak, kama karani wa posta. Nimekosa adabu sana." Akamimina, mikono miwili. "Ukiniruhusu, kuanzia leo nitakuita Kaka."

Wewe unayesoma unaweza kuona ni neno dogo. Ngoja nikueleze. Chamani kwetu kaka na mdogo vinatoka chuoni. Mtu anaitwa kaka na waliomfuata kuingia chuo, na mimi sikuingia popote. Nilizunguka katikati ya watu mia nne walioitana kaka na dada usiku na mchana, na mimi nilikuwa OFISI. Neno liliposhuka masikioni mwangu nilihisi macho yanalowa, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mbele ya bakuli la tambi.

"Kaka," akasema Eom, akikata tambi zangu kwa mkasi kama ninavyomkatia mama yangu. "Utafiti wa yule binti wa Ohio umenifikia. Alikutembelea nyumbani, sivyo?"

"Alikuja. Machi."

"Akakusaidia kupanga maboksi."

"Alisaidia."

"Na katika kupanga, mwenye nyumba anaweza kutoka kidogo. Kwenda kuleta chai."

Nilichanganya tambi zangu kwa vijiti.

"Simuulizi Kaka swali lolote. Nasema tu kwamba mimi ruhusa sikutoa. Na Kaka usingetoa bila kuniambia, kwa kuwa sote tunajua uaminifu wako. Kwa hiyo limebaki jambo moja tu lililoweza kutokea." Akainua glasi.

Nami nikainua yangu. Nilikunywa.

Hakunitishia. Hakuniahidi kitu. Polisi walionifunga ujanani walinivunja vidole viwili na sikumtaja mtu, na huyu alinikatia tambi.

Septemba, tumerudi, akanipigia simu kuniagiza barua ya kwenda kwa mkuu wa kitivo cha Ha-rim. Barua zote za rais niliandika mimi, na hiyo pia niliiandika mimi. Chama kinasikitika kuwajulisha kwamba Daktari Seol alichukua na kutumia kumbukumbu za ndani bila ruhusa ya uongozi. Eom alisema "alichukua na kutumia". Nilimshauri tuandike "alichukua, na kisha akatumia," inasomeka vizuri zaidi. Alinishukuru. "Kaka una kalamu," akasema. Niliweka saini yake niliyokuwa nayo kwenye kompyuta, nikaituma, nikaenda kulala mchana.

Oktoba Ha-rim akapiga. Alikuwa ndani ya gari, nilisikia mvua juu ya paa.

"Mjomba, pole kukusumbua. Mkuu wa kitivo kanionyesha barua. Kuna makosa yametokea, sivyo? Rais amesahau kwamba alikukubalia."

Bado alikuwa ananiamini. Hilo ndilo linalonitafuna zaidi kuliko mengine. Angenitukana ningejua pa kusimama.

"Watu wakubwa wanasahau," nikasema.

"Basi mkumbushe. Au waandikie wewe, mistari miwili: nilimwomba rais, akakubali, nikampa. Kamati yetu ya ajira inakaa Februari."

"Barua inatupwa. Nitasimama Januari, Atlanta, mbele ya mkutano mkuu. Iingie kwenye kumbukumbu. Hapo hakuna wa kuifuta."

"Kweli, Mjomba?"

"Mimi nimesimama mbele ya polisi. Nitashindwa na maprofesa?"

Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimepanga kumdanganya tena. Nilidhani kweli nitasimama. Novemba nilikuwa nafanyia mazoezi hotuba gerejini, nikiyahutubia maboksi, na ilikuwa hotuba nzuri: ilianza na mawigi, ikapita gerezani, ikashuka Amerika kwenye duka la kufulia nguo nililofanyia kazi miaka tisa. Ok-bun alipita na kapu la kabichi za kuchachusha kimchi akasimama mlangoni.

"Unamwambia nani?"

"Maprofesa."

"Na huyo binti anaingia wapi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni," akasema, akaenda zake na kabichi.

Basi Atlanta. Ukumbi wa ghorofa ya pili, viti mia moja na hamsini, ajenda ya vipengele tisa niliyoichapa mwenyewe. Chama chetu hakipigi kura za karatasi kwa mambo kama haya. Rais anasoma pendekezo, anauliza "Tupitishe kwa makofi?", watu wanapiga makofi, limepita. Sijawahi kuona jambo likikosa makofi. Nani atakaa ameweka mikono mapajani wakati aliyemtangulia chuoni anapiga?

Ha-rim alikaa safu ya tatu, koti jeusi. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo, kama watu wenye siri njema.

Kipengele cha sita. Eom alisoma: mkutano utamke kwamba kumbukumbu zilitumika bila ruhusa, na utafiti huo usisomwe katika vikao vyetu. Profesa Ban Mi-ryeong, mwenyekiti wa kamati ya tuzo, alinyoosha mkono nikampelekea kipaza sauti.

"Sibishani na hesabu za binti huyu," akasema. "Hesabu zake nzuri, mimi mwenyewe ningempa alama ya juu. Lakini mtoto wa chekechea anajua, ukitaka penseli ya mwenzako unaomba."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, kile kicheko cha kutaka jambo liishe tukale.

Ha-rim akanyoosha mkono. Nikampelekea.

"Niliomba," akasema. "Nilimwomba mtu ninayemheshimu, akaniambia rais amekubali. Mtu huyo yumo humu ndani. Simtaji, kwa sababu aliniahidi atasema mwenyewe, na mimi namngoja." Akanirudishia kipaza sauti, kwa mikono miwili, akakaa.

Nilikuwa katikati ya viti, kipaza sauti mkononi, taa yake ya kijani inawaka. Maisha yangu yote nilikuwa natafuta kitu kile. Kiwandani tulisimama juu ya ndoo tukapaza sauti kwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama pembe. Sasa nilikuwa nacho, kinafanya kazi, na watu mia moja na hamsini wanangoja, na sikuhitaji hotuba. Nilihitaji maneno matatu: ni mimi, nilidanganya.

Eom aliegemea kipaza sauti chake cha mezani. Hakukaza sauti.

"Kaka Tak," akasema mbele ya wote. "Kuna la kusema?"

Vichwa viligeuka. Niliona nyuso zikishangaa, tangu lini huyu ni kaka wa Rais? Wawili watatu wa safu za nyuma, vijana, walinyanyua makalio kidogo kwenye viti na kuniinamia. Mimi. Wakaniinamia.

"Kipengele cha saba," nikasema, "ni uchaguzi wa makamu wa rais."

"Bado hatujapitisha cha sita, Kaka," Eom akasema kwa upole, na watu wakacheka. "Tupitishe kwa makofi?"

Wakapiga. Na mimi nikapiga. Sikujua kwamba napiga mpaka niliposikia ngurumo kwenye spika, du, du, du, kiganja changu kinakipiga kile kipaza sauti, kwa nguvu kuliko makofi ya ukumbi mzima.

Nilimkuta nje karibu na lifti. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama namba za ghorofa zikibadilika.

"Hukumwomba kabisa," akasema. "Si kwamba Rais amesahau. Hukumwomba."

"Sikumwomba."

"Kwa hiyo walichosema mle ndani ni kweli. Nilichukua bila ruhusa." Alilisema polepole, kama mtu anayekagua hesabu aliyokwisha kuifunga. "Nimesimama mbele ya watu wote nikasema uongo, na sikujua."

"Ha-rim, nilitaka..."

Lifti ikafunguka. Akaniinamia, kiasi kile kile kinachomstahili mtu wa umri wangu, wala hakupunguza, akaingia.

Nilirudi ukumbini kwa sababu kipaza sauti kilikuwa bado mkononi na kipengele cha nane kilihitaji mtu wa kukizungusha.

Nyumbani sikusema kitu kwa wiki tatu. Mwaka Mpya wa kwetu ulipofika, watoto wakaja, tukala supu ya vipande vya keki ya mchele, na mjukuu akaniuliza habari za gerezani, maana ndiyo hadithi yangu ya kila sikukuu. Nikaanza. Nikafika kwa wale watatu waliotutaja. Ok-bun akaweka kijiko.

"Miaka thelathini unaniimbia viatu vya wale watu," akasema mbele ya wote. "Vyako vya Atlanta vilikuwa vya rangi gani?"

Alikuwa amejuaje? Mke wa profesa mmoja husali naye. Watoto wakatazama bakuli zao. Nikasema vyeusi.

Mwisho wa Februari kamati ya Ohio iliamua. Walimkatalia. Nilisikia kutoka kwa watu, si kwake. Ndipo nikaandika barua kwa mkuu wa kitivo, na nakala kwake. Kurasa nne. Niliifanyia kazi siku sita. Akanipigia Machi, sauti imetulia kabisa.

"Barua yako imefika, Mjomba."

"Nimesema yote."

"Umeandika vizuri. Lakini ni kurasa nne, na tatu ni kiwandani na gerezani. Mimi naingia ukurasa wa nne, aya ya pili. Pale unasema, 'katika mazingira hayo ruhusa haikueleweka vyema.' Ilieleweka. Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Hilo halimo."

Hakukata simu. Alingoja kuona kama nina la kuongeza, na nilikuwa nalo, nilikuwa na mengi, yote yalikuwa juu yangu. Nikasema samahani. Akasema amesikia, kisha tukaagana.

Niliketi gerejini nikaandika upya. Nilifuta mawigi, nikafuta polisi na vidole, nikafuta duka la kufulia, nikafuta na Eom na tambi zake, kwa sababu kila nilipomweka yeye lawama ilihama kwangu. Ilibaki hii: "Mimi, Tak Chun-sik, ndiye niliyempa Daktari Seol Ha-rim kumbukumbu za chama. Nilimwambia rais ameruhusu, na huo ulikuwa uongo wangu. Barua iliyokwenda chuoni kwake kumshtaki niliiandika mimi nikijua hana kosa."

Niliituma Ohio, kisha nikaituma kwa wanachama wote, saa nne asubuhi.

Katibu wa kitivo alijibu kwa adabu kwamba faili limefungwa. Kwa upande wa chama, hadi jioni walikuwa wamejibu saba. Wawili walitaka niwabadilishie anwani. Mmoja aliuliza Januari ijayo tunakutana mji gani. Profesa Ban aliandika kwamba jambo lilishaamuliwa na mkutano mkuu na kulifufua si ustaarabu. Kijana mmoja wa Texas aliandika "asante" peke yake, bila jina la kuniitia. Eom alitaka nikabidhi kazi na maboksi kufikia mwisho wa mwezi.

Jibu la saba lilikuwa la Ha-rim. Aliomba jina lake litolewe kwenye orodha ya wanachama. Kazi ya orodha ilikuwa bado yangu kwa siku kumi na moja. Nikaifungua, nikashuka hadi mstari wake, nikalitoa.